Mshono wa Auleria

Auleria ni fundi cherehani wa Mbagala. Hushona sare za shule, na pia ile mifuko mirefu ya kitambaa inayoonyesha upepo kwenye viwanja vya ndege.

Juzi, akirudi kutoka kwa binti yake kisiwani, alipanda ndege ndogo. Uwanja ulikuwa mfupi, mbele minazi. Rubani akautazama mfuko, akageuza ndege waanzie upande wa pili: upepo wa nyuma ungewaingiza kwenye minazi kabla hawajanyanyuka.

Kijana mwenye tai, aliyepanda bila kumsalimia mtu, akafoka. "Yaani tunacheleweshwa na kitambaa?"

Auleria alishautambua mshono wake wa uzi mwekundu. "We, koma! Hicho kitambaa nimekishona mie!"

Ndege nzima ikaangua kicheko, mpaka rubani. Walipokwisha kupaa salama, kijana akageuka polepole.

"Shikamoo, mama."