Kiti cha Mtu wa Riposte

Shangazi alipokufa kwa Ebola, mtu wa riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, alipewa kazi ya kutupima homa nyumbani kwetu Mulekera kwa siku ishirini na moja. Alifika kila asubuhi, akatusalimu kutoka mlangoni, mikono ameificha nyuma ili mtu asimpe mkono. Mama alimtolea kiti, naye hakukikalia hata mara moja. Alitaja joto la kila mtu polepole, kama anayesoma majina ya waliofaulu mtihani: "Trente-six et demi. Merci." Thelathini na sita na nusu, yaani hakuna homa. Kwa dada yangu Ornella tu, aliyemuuguza shangazi, alipima mara mbili. "Mutu gani anakatala kiti ya batu?" mama alinung'unika kila alipokirudisha ndani.

Siku ya mwisho mama hakukitoa. Yule bwana akatupima sote, Ornella mara mbili kama kawaida, akafunga daftari: siku zote ishirini na moja zimepita, hakuna aliyepata homa. Lakini hakuondoka.

"Mama, ile kiti yangu iko wapi leo?"

Mama alikimbilia ndani. Aliporudi nacho alimkuta amenyoosha mkono. Mama akakiweka chini, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akamgombeza kwa nini hakai: "Ikala basi! Unasimama tena juu ya nini?"