Ghorofa ya Sita, Salama

Mpaka leo nikiona kizibao chekundu cha zimamoto wa kujitolea nageuza uso, na changu mwenyewe bado ninacho, nimekikunja chini ya kitanda.

Jengo letu liko nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, huku Uchina tunakofuata mizigo: chini mgahawa wa pilau, katikati stoo za mizigo, juu vyumba vya kulala. Laoban, mwenye jengo, alitafuta watu wa kupita ghorofa zote saba kila mchana kuangalia hatari ya moto. Hakupata hata mmoja. Basi akatangaza kwamba atakayejitolea, siku ya kupakia kontena atatangulia kwenye lifti ya mizigo. Weee! Tulijiandikisha watu kumi na mmoja kabla chai haijapoa, na mimi nilikuwa wa kwanza. Kujitolea gani huko? Tuliitaka lifti tu.

Wiki ya tatu magoti yakaanza kuuma, wakachomoka mmoja mmoja. Laoban akaleta teknolojia ya kutubana. Kila ghorofa alibandika karatasi yenye kodi ya QR, kile kimraba cha madoa meusi. Ukiiskani kwa simu, inatuma kwenye grupu la jengo jina lako, saa, na neno "salama". Usiposkani, lifti huna.

Kiongozi wa timu yetu, mtu wa swala tano huyo, alipanda ngazi mara moja tu. Akazipiga picha kodi zote saba, akazichapisha, akazibandika mgahawani, pembeni ya sinki la kunawia. Tukawa tunakagua jengo zima tumekaa kitako, vidole vinanuka pilau. Hakuna aliyeacha tena! Laoban akatusifu eti timu imara, na sisi bila haya tukapiga makofi.

Siku moja nilinawa, nikaskani zote saba, nikaagiza sahani. Nyama ingali mdomoni nikasikia mayowe. Ghorofa ya sita kulikuwa na skuta ya umeme inachajiwa koridoni, kitu kilekile tulichotakiwa kukikataza, na betri yake ilikuwa imeshika moto. Nyuma ya moshi ule alikuwamo binti wa Unguja, mwanafunzi, na kichanga chake cha miezi minne. Na sisi wenye vizibao? Tulisimama barabarani tumekodoa macho juu, kiongozi wetu anarekodi video. Ptuu! Waliowatoa ni zimamoto wenyewe, walipofika.

Mtoto alilazwa siku tisa, kifua kinakoroma, mama yake hajui kama ataamka naye kesho. Alipopata nafuu nilikwenda kuwatazama na mfuko wa machungwa. Nilijiandaa kutukanwa, na matusi yale nilikuwa nayataka.

"Shikamoo dada, karibu," akasema, akanisogezea kiti. Kisha akanionesha simu yake, kwenye grupu la jengo. Jina langu lilikuwa pale: ghorofa ya sita, saa saba na dakika kumi, salama.

"Moshi ulianza saa saba, dada. Mwenyezi Mungu akulipe, ulipita hata kwenye moshi ule. Mie nilikuwa ndani nagonga mlango, nalia. Hukunisikia?"

Nikamenya chungwa, maganda yakaniangukia mapajani.

"Sikukusikia, mdogo wangu."

"Si neno, dada," akasema, akanishika mkono. "Moshi ulikuwa mwingi."