Majivu Juu ya Fukusi

Mkamwana wangu, tunayekaa naye hapa Nkunga, alitaka migomba yangu ing'olewe apande maparachichi. Hakusema bila sababu. Fukusi, wale wadudu weusi, walishakula vitako vya mashina, mgomba wenye mkungu ukawa unaanguka kwa upepo mdogo tu. Nikamwambia angoje mahindi yatoe mbelewele. Kama fukusi watakuwa hawajafa, ang'oe, mimi nitanyamaza.

Bwana shamba alikuwa ameniletea unga wa kuvu inayoua fukusi. Nikapasua vipande vya mgomba, nikavilaza chini kama mitego, nikanyunyiza unga. Halafu nikamwaga majivu juu yake, kama nilivyofundishwa kuzuia wadudu nilipoolewa. Sikumwuliza mtu.

Baada ya siku kumi nikakusanya fukusi waliokufa, nikampelekea mkamwana kwenye ungo. Alikuwa anapukuchua maharage.

"Mama, hao wamelala tu."

Kweli, tukiwatazama wakaanza kutembea, mmoja mmoja. Fukusi akiguswa hujifanya maiti. Nalijua hilo tangu zamani, nililisahau kwa sababu nilitaka wafe.

Bwana shamba alipokuja akamfuta mmoja kwa kidole.

"Mama, nani kawapaka majivu?"

"Mimi."

"Basi umewavalisha koti."

Akanieleza taratibu, maana shule niliishia darasa la tatu. Ule unga ni mbegu. Hauoti mpaka uguse ngozi ya mdudu mwenyewe, unate hapo, uone ni mahali pake. Ndipo unatoa kimzizi cha kutoboa. Hata hivyo mgongoni gamba ni gumu, lina nta, mbegu nyingi zinashindwa. Hupenya zaidi kwenye maungio, palipo laini. Juu ya majivu makavu mbegu inakaa bure mpaka inakufa.

Nikafagia majivu yote mwenyewe. Mkamwana alisimama na jembe lake akiangalia.

"Mahindi hayo yanakaribia kutoa mbelewele, mama."

"Nayaona."

Nikaweka mitego mipya, unga mtupu. Wiki ya tatu nikapindua kipande mbele yake. Fukusi wanne walikuwa wameota kitu cheupe kama pamba shingoni na kwenye maungio ya miguu, mgongoni weusi vilevile. Akamchokoa mmoja kwa kijiti, akangoja. Akamchokoa tena. Hakutembea.

"Haya," akasema. "Migomba ibaki. Ila kule bondeni kwenye magimbi unipe mimi, nipande maparachichi yangu."

Nikampa. Magimbi yenyewe siku hizi sili sana.