Kifungo kwenye Koti la Mtoza Kodi

Watoza kodi wa mji wetu nawadharau, na mtu asiniombe niwaonee huruma. Nimeshona nguo Kadutu, hapa Bukavu, miaka mingi, na nguo hunionyesha mtu kabla hajafungua kinywa. Yule aliyekuwa akija kwetu alivaa koti la kijivu lenye mabega ya mtu mwingine, mikono imemfika vidoleni, bitana inachungulia nyuma. Anakusanya kodi ya mafundi wa mtaa mzima, na hajawahi kumpa fundi hata mmoja kazi ya kulipia. Alibeba mkoba, ndani ya mkoba mna muhuri, na elimu yake ilikuwa imeishia hapo.

Zamani walitutoza kwa mlango. Ukiwa na mlango mmoja ulilipia mlango mmoja, hata kama ndani mmebanana magoti kwa magoti. Kisha mtu fulani ofisini, ambaye sidhani amewahi kuajiri hata dobi, akaona mlango hautoshi. Karatasi mpya ikabandikwa: kuanzia sasa kila fundi aliye ndani ya ateliye, yaani karakana, atalipiwa peke yake, na ada yenyewe imepanda. Yaani ukimpa mtu kazi unaadhibiwa, ukimfukuza unapunguziwa. Waliiandika kwa Kifaransa kizuri, wakaipiga muhuri, wakaenda kula.

Jirani yangu wa fotokopi alimwachisha kazi msichana wake wiki ileile. Sisi wengine tulijifunza kuficha watu. Kule chini, njia inapoanza kupanda kutoka sokoni, aliketi mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alipoona mkoba unapita alipaza sauti: "Sambaza imeoza! Sambaza imeoza!" Hakuna muuza samaki anayetangaza hivyo, lakini wale mabwana hawakujiuliza hata siku moja. Sisi huku juu tukimsikia, mafundi waliondoka kwenye mashini wakawa wateja. Sheria yetu ilikuwa moja tu: mwenye utepe wa kupimia shingoni ndiye fundi, na wakati huo utepe ulibaki kwangu peke yangu.

Nilikuwa na mafundi watatu. Wawili walishona kama watu wanavyoshona. Wa tatu ndiye aliyekuwa ateliye yenyewe. Alikuwa mjane kutoka Nyangezi, amefundishwa na masista, na alikata kikwembe, ndicho kitenge, bila chaki, ua la upande huu likakutana na nusu yake ya upande ule palepale kwenye mshono. Mteja mmoja alitoka mbali, Bunyakiri, na kikwembe chake kwenye mfuko, akamuulizia yeye, si mimi. Kwa kazi ile mjane huyu alilipa chumba na masomo ya binti zake wawili. Ningemlipia kodi mpya, mshahara wake ungetoka wapi? Nikamwambia tutamficha, kazi yake haitapotea. Aliitika. Lakini kila mama wa sambaza alipoita, aliuvua ule utepe taratibu, kama mtu anayevua rozari, akanikabidhi bila kunitazama.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwisho wa Februari. Anayeijua Bukavu anajua maana yake: kila kwaya, kila chama cha akina mama, kila ofisi inataka kikwembe chake kiwe kimeshonwa kabla ya tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake. Benchi lilijaa wanawake. Mama wa sambaza aliita, ila mvua ilikuwa ikipiga mabati na tulimsikia kwa kuchelewa. Mafundi wawili walitoka kwa mlango wa nyuma. Yule wa Nyangezi alikuwa katikati ya mshono wa shingo, na mshono wa shingo hakuwahi kuuacha nusu. Alipofika kwenye benchi, gurudumu la mashini yake lilikuwa bado linazunguka.

Mwenye koti la kijivu akaliona.

"Maman, mashini iko tatu. Batu iko wangapi?"

"Niko peke yangu, papa. Ile mbili ilikufa."

"Ilikufa na inazunguka?" Akamgeukia fundi wangu. "Na huyu iko nani?"

"Mugeni wangu wa Nyangezi. Alikuya kunisalimia."

Akatabasamu kwa meno yote. Akavua koti, akamtupia mapajani. Kifungo cha katikati kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi mmoja.

"Basi anishonee hii kifungo. Kama anajua, iko fundi."

Wengi benchini walikuwa wamevaa kazi ya mikono ya fundi wangu. Yeye akachukua sindano na uzi wa bluu uliokuwa karibu. Akalamba uzi, akakosa tundu mara moja, mara mbili, mara tatu. Akajichoma kidole. Akapitisha uzi huku na kule bila mpango, mishono ikapishana. Yule bwana alikuwa ameanza kuridhika, na mimi ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

"Papa, usisumbuke," nikamwambia. "Mikono ya huyu iko ya kulima tu. Ukimupatia sindano, ataipanda mu udongo sawa muhogo."

Wakacheka. Benchi lilicheka, na mtoza kodi akacheka kuliko wote. Akavaa koti lake, akaandika kwenye daftari: mtu mmoja.

Nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijiona mjanja sana, na bwana yule alipokwisha kuteremka nikaagiza chai ya watu wote. Fundi wangu alirudi kwenye mashini akamalizia mshono wa shingo. Chai yake ilipoa pembeni, haikuguswa.

Alifanya kazi hadi tarehe saba. Hakuna robe, yaani gauni, hata moja iliyochelewa. Jioni ile alipiga pasi robe ya mwisho, akaikunja, akamkabidhi mwenyewe, kisha akanijia na kunivika utepe shingoni.

"Maman, nimemaliza. Minarudia Nyangezi."

"Juu ya nini? Kama iko ile neno ya kulima, nilisema juu ya taxe, ile kodi! Nilikuwa ninakulinda!"

"Ninajua, maman. Hata miye nilishona mubaya juu ya taxe. Lakini miye nilihangaika, nilitafuta namna ya kushona mubaya. Weye haukutafuta. Ile maneno ilikuwa tayari mu kinywa."

Nilisimama mlangoni na utepe shingoni mpaka akapotea kwenye ngazi za udongo kule chini. Kwa muda nilijaribu kumtupia lawama mwenye koti, na sehemu yake anayo: karatasi yao ndiyo iliyonifanya nimfiche mwanamke yule kama bidhaa ya magendo. Lakini karatasi haikutaja muhogo. Huo niliutoa mwenyewe, na wala haukunitoka kwa shida.

Wateja walimuulizia wiki chache, kisha wakaacha kuulizia na kuacha kuja. Ilipofika Krismasi nilikuwa nimewaachisha kazi wale mafundi wawili. Mwaka uliofuata karatasi nyingine ikabandikwa. Kwa kuwa idadi ya mafundi walioandikwa imepungua, ilisema, ada ya waliobaki inapandishwa. Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu barabarani. Watu wazima waliketi kwenye viti, wakaona watu wanakimbia, wakaamua kuwakamua wasiokimbia.

Mtoza kodi alikuja tena mwisho wa Februari. Mama wa sambaza aliita vizuri kabisa, hakukuwa na mvua, nami sikuinuka.

"Batu wangapi, maman?"

"Niko peke yangu."

"Kila mwaka munasema vile."

Akafungua mlango wa nyuma, akachungulia uani. Akainua shuka lililofunika mashini mbili, akazungusha gurudumu, akajifuta vumbi kwenye suruali. Hakuniamini, akatazama hata chini ya meza. Alivaa koti lilelile. Kifungo cha juu na cha chini vilikuwa vimekatika. Cha katikati kilikuwepo, uzi wa bluu kwenye kitambaa cha kijivu, mishono imepishana ovyo, na kimeshika barabara.

"Na ule mugeni wako iko wapi?"

"Alienda kulima."

Akaandika mtu mmoja. Kisha akavua koti, akaniwekea mapajani, akatoa vifungo viwili mfukoni.

"Basi unishonee hii ingine."

Benchini hapakuwa na mtu. Nikatia uzi kwenye sindano, nikamshonea.