Gari la Marehemu Donald Lafika Mahoo

Thadeus wa Werugha aliendesha basi la shule miaka ishirini na minane bila kukwaruza hata ukuta. Kila mtu anajua, kwa sababu huwaambia mwenyewe.

Kwa hivyo Mama Tryphena, nesi mstaafu, alipotaka kuhama Voi arudi kwao Mahoo na lile lori lake lenye nyumba ndani, kitanda, jiko mpaka choo, alimwita Thadeus. Lori angeliendesha Mama mwenyewe. Shida ni gari dogo la marehemu mumewe, Donald, ambalo lingevutwa nyuma.

"Nataka lifike vile Donald aliliacha," alisema. "Hili lori likichubuka, sijali."

"Mama, umepata mtu."

Mimi, jirani yake Thadeus, nilikuwa naomba lifti tu, lakini somo nililipata pia. Minyororo ikingamane. Ufunguo ugeuzwe kidogo, usukani usijifunge. Gia iwe fri, handibreki chini, magurudumu yazunguke yenyewe.

"Watu huharibu magari kwa kusahau kitu kidogo," Thadeus alisema, "halafu wanasingizia shetani."

Mwatate tulisimama kunywa chai, mahali penye mteremko kidogo. Sasa, mtu wa Werugha hawezi kuacha gari kwa mteremko hivi hivi. Kule milimani, paa la jirani liko chini ya magurudumu yako. Thadeus akafungua mlango wa gari dogo huku akinisimulia habari za basi lake, mkono wake ukavuta handibreki, ukatia gia. Mimi nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Gari lenyewe lilikuwa limefungwa kwa lori kwa minyororo miwili.

Baada ya chai nilikumbuka kutoa jiwe.

"Umeona, Mama?" Thadeus akasema. "Mzee makini huyu." Nikafurahi.

Lori lina nguvu, halikuhisi kitu. Njiani bodaboda mmoja akatupita akipunga mkono. Thadeus akampungia. Wa pili naye akapunga.

"Watu wa huku wana heshima," Thadeus akasema.

Wa tatu alisimama mbele yetu. "Wazee, huko nyuma mnachoma nini?"

Tairi mbili za gari dogo zilikuwa zimepasuka, mbili zimebaki nyuzi. Rangi haikuwa na hata mkwaruzo.

Mama Tryphena akachungulia ndani. "Nani alivuta hii handibreki?"

Thadeus akanitazama. Nilikuwa karibu na lile gari kule Mwatate, na mimi sina jina la kuharibu. Kisha akatazama chini.

"Ni mimi, Mama."

Mama akaishusha handibreki. "Voi uani kwangu ni tambarare kama meza," akasema. "Na bado Donald kila jioni, gia, handibreki, na jiwe. Watu wa milimani nyinyi."

Tukatafuta tairi kuukuu, tukaingia Mahoo jua likishuka. Thadeus alifungua minyororo, akasimama kando ya gari, mikono mfukoni. Hakutaka kugusa kitu.

"Vuta tu handibreki, Thadeus," Mama akasema. "Si ndivyo Donald alivyokuwa akiliacha?"

Akavuta. Mimi nilikuwa tayari natafuta jiwe.