Mfaransa Wetu wa Hayes

Juzi nimemwona tena kwenye simu, yule Mfaransa wetu. Nywele zote zimekuwa nyeupe, lakini bado anasimama kama mtu anayepigwa picha, na bado anazungumzia vita. Nikajikuta nimegeuka kumtafuta mtu wa kunitafsiria.

Mtu huyo alikuwa Mkongo wa Bukavu niliyeishi naye chumba kimoja Hayes, huko kwa Waingereza, wote tukifanya kazi ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Mimi niliacha shule mapema, nikatangatanga miji mingi, na kila kitu nilitaka kukijua. Yeye alikuwa amesoma, ila kwa Kifaransa. Kiingereza kilimshinda. Kazini alikaa kimya hadi msimamizi akadhani hana akili. Jioni, mbele ya televisheni, alifunguka.

Ndivyo tulivyomwona Mfaransa yule, wakati huo waziri wa mambo ya nje, akipinga vita vya Iraki mbele ya mataifa. Mwenzangu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Anasema wakaguzi wa silaha waongezewe muda. Anasema wakubwa wasidhani sisi wadogo hatuoni."

"Hilo la wadogo kalisema saa ngapi? Mbona kanyamaza?"

"Weye Mtanzania unaangalia mdomo tu. Tazama mkono! Mkono nao unasema."

Kule ukumbini watu wakapiga makofi, na sisi tukapiga. Vita vikapiganwa vilevile, lakini sisi tulikuwa tumeshampata mtu wetu. Tukawa tunamfuatilia kama wengine wanavyofuatilia timu. Nilijifunza kwamba alikulia katika kazi za ubalozi, kwamba alikaa miaka mingi nyuma ya rais akimpangia mambo, na kwamba hajawahi kuomba kura kwa mwananchi yeyote.

"Huyo ni mtu wa kuteuliwa," nikasema. "Siku waliomteua wakimchoka, hana wa kumshika mkono."

"Mtazame koti lake, ndugu. Mwenye koti kama lile hawezi kudhulumu watu."

Alipofanywa waziri mkuu, mwenzangu alinunua kuku mzima. Tulipomaliza kula akaniambia anahamia Paris, kwa dada yake.

"Unahama nchi kwa sababu ya koti?"

"Nahama kwa sababu nimechoka kuwa bubu."

Nilimtania wiki nzima, maana kumwomba abaki nilishindwa. Mimi, niliyekuwa nikiaga watu kila mji bila kugeuka nyuma, nilisimama kituo cha mabasi cha Victoria nikiwa nimeshika begi lake, sitaki kuliachia. Akalivuta taratibu. "Nitarudi kama Wafaransa wakinishinda," akasema.

Nikaishi na ahadi hiyo. Kisha serikali ya mtu wetu ikaleta sheria ya ajira kwa vijana: mwajiri aweze kumfukuza kijana katika miaka yake ya mwanzo kazini bila kumpa sababu. Vijana wakajaa mabarabarani. Baadaye sheria iliondolewa, na urais ambao wengi walimtabiria haukumfikia kamwe. Lakini siku mwenzangu aliponipigia simu, hayo tulikuwa bado hatuyajui.

"Uko wapi? Mbona kelele hivyo?"

"Niko barabarani! Na mtoto wa dada yangu!"

"Unaandamana? Dhidi ya mtu wetu?"

"Wetu nani? Koti amebaki nalo, ila mimi simo tena!"

Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaona nafasi yangu. "Basi wamekushinda. Rudi. Kitanda chako kipo."

Nilimsikia akipaza sauti, na watu waliomzunguka wakimjibu kwa pamoja, kama aliyezoeleka kati yao.

"Ndugu," akasema, "huku nikipiga kelele, hata polisi wananielewa."

Nikajua harudi. Sikumwuliza tena. Nilimwomba tu asikate simu, anyanyue mkono wenye simu nisikie vizuri. Nikakaa kitandani nikisikiliza mtaa mzima ukiimba maneno nisiyoyajua, na sauti yake katikati yao, imeshaanza kukauka.