Kovu la Ndui Halizuii Pepopunda

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipokanyaga tawi la chai lililokatwa, lenye ncha kali, kwenye njia ya magari ya ng'ombe. Liliingia unyayoni likiwa limejaa samadi. Nilimbeba mbio hadi zahanati ya estate, shamba la chai tunakofanya kazi. Mwezi huo huo tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani, taya limekaza, mgongo umepinda kwa pepopunda. Nilijua ninakimbia nini.

Dresa, mfunga vidonda wa pale, hakutazama mguu. Alikunja mkono wa gauni la mtoto, akaona kovu la chanjo, akanirudishia mtoto.

"Huyu amechanjwa, mama. Nenda kazini."

"Hiyo ni ya ndui."

"Chanjo ni chanjo."

Hapa estate kovu hilo ndilo cheti chetu. Bila hilo hupewi nyumba kwenye laini za wafanyakazi. Basi kila mtu, hata nyapara, anaamini linazuia kila kitu. Mimi nilisoma misheni mpaka tukafundishwa habari za damu. Sikunyamaza.

"Kwani kwenu hamna vibuyu vya maziwa? Kila kibuyu na kifuniko chake. Kinga iliyo ndani ya damu ndivyo ilivyo. Inajua umbo moja tu, ikilikuta inaling'ang'ania. Kinga ya ndui ikikutana na sumu ya pepopunda inaipita tu, haina pa kushika. Mtoto anahitaji ile dawa ya damu ya farasi. Farasi huyo alidungwa sumu yenyewe kidogo kidogo, mpaka damu yake ikaitengenezea kifuniko."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mmoja akasema, "Dresa, leo umepata mwalimu!"

"Dawa hiyo ni ya watoto wa meneja," akasema dresa, sasa kwa sauti ya chini.

Kumbe alijua! Hapo ndipo nilipowaka. Nilikaa kizingitini, mtoto mapajani. "Basi mwite meneja aje aniruke."

Hakumwita. Alisafisha kidonda, akamdunga sindano ya dawa hiyo huku akinung'unika. Nyapara naye alinisimamisha kuchuma kwa siku tatu, eti sina adabu. Sikuomba msamaha.

Wiki mbili nzima nilimlisha mtoto uji nikichunguza taya lake. Lilifunguka kila asubuhi. Siku moja lilifunguka akamwita nyapara nguruwe, mbele ya watu. Nilipaswa kumchapa. Nilimwongezea uji.